Kufukua Mabaki ya Waliotangulia, na Amana Iliyomo

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeirithisha ardhi umma baada ya umma, akawaachia walio nyuma alama za waliotangulia wapate kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Na uchukuliwe mfano wa kijana wa Mwika, katika miteremko ya Kilimanjaro iliyo upande wa mashariki, mtoto wa Kiislamu aliyekulia kati ya migomba na mibuni, katika nchi ambayo wazee walichimba mifereji ya kuleta maji mpaka vihambani. Kijana huyu amesoma. Amepata barua ya kuitwa Omani, nchi ya jangwa, akajitolee miezi miwili pamoja na mabingwa wa mambo ya kale wanaofukua mji ulioachwa na watu. Mshahara hapana. Nauli ni juu yake mwenyewe. Atapewa chakula na mahali pa kulala. Basi anakwenda kwa babu yake kutaka radhi, na mzee anamjibu kwa maneno machache: "Mjukuu wangu, Wazungu walikuja hapa wakachukua vichwa vya wazee wetu. Leo wewe wataka kwenda kufukua makaburi ya wenzako?"

Swali la mzee huyu ni zito, wala halijibiwi kwa kusema ya kwamba mambo ya siku hizi ni mengine. Mzee ameuliza jambo la haki, na jambo la haki hutazamwa kwa sharia na kwa khabari za kweli.

Kwanza na ijulikane ya kwamba kuyatazama mabaki ya waliopita si upuuzi wala si kazi ya watu wasio na kazi. Mwenyezi Mungu amewaamuru waja wake watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliokuwa kabla yao, na maana hiyo imerudiwa katika sura nyingi: Aali Imran, An-Aam, Yusuf, An-Nahl, An-Naml, Ar-Rum, Fatir, Ghafir na Muhammad. Jambo lililorudiwa mara nyingi hivyo halikusudiwi lipitwe mbio. Na katika Sura ya Al-Hajj safari hiyo imefungamanishwa na moyo, ili mtu asije akadhani ya kuwa kuona kwa macho peke yake kwatosha.

Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alipita penye mabaki ya namna hiyo. Mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630 kwa hesabu ya Kizungu, akiwa njiani kwenda Tabuk pamoja na jeshi lake, alifika Al-Hijr, nchi ya Thamudi, kaumu ya Nabii Salihi. Bukhari na Muslim wamepokea ya kwamba aliwakataza sahaba zake wasiingie katika maskani ya wale waliozidhulumu nafsi zao ila kwa kulia, lisije likawapata lililowapata wale. Akajifunika kichwa, akahimiza mwendo mpaka wakalivuka bonde. Tena watu walikuwa wamekwisha teka maji ya visima vya hapo na kukanda unga kwayo. Akawaamuru wayamwage maji, na unga uliokandwa wawape ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa yule ngamia wa Salihi.

Msomaji na aangalie vema. Hakuwaambia wageuze njia wasipaone mahali pale. Walipita, wakaona. Walichokatazwa ni kuingia kwa moyo mwepesi, kama mtu aingiavyo sokoni, na kujinufaisha kwa kitu cha pale.

Mahali hapo, pajulikanapo pia kwa jina la Madain Salih, paliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pakawa pa kwanza katika nchi ya Saudia. Milango mikubwa iliyochongwa majabalini, ambayo msafiri huiona leo, mingine ina maandishi juu yake. Na waliosoma maandishi hayo wamekuta ya kwamba ni makaburi ya Wanabati, yaliyochongwa katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, mengi na jina la mwenyewe na mwaka wa mfalme aliyetawala. Wako waliosikia hayo wakafadhaika, wakadhani ya kwamba khabari ya Thamudi imekanushwa. Hapana la kufadhaisha. Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuri, zaidi ya miaka mia saba kabla ya Nabii Isa, alilitaja jina la Thamudi miongoni mwa makabila ya Waarabu aliyoyashinda. Bonde moja hukaliwa na watu baada ya watu. Thamudi walitangulia, Wanabati wakafuata. Lakini katika maandishi hayo ya Wanabati mna neno ambalo mzee wa Mwika angelifahamu pasipo kufasiriwa: wengi wao waliandika laana na faini juu ya mtu atakayeliuza kaburi, au atakayemtoa maiti aliyemo, au atakayemzika ndani yake asiyehusika. Watu waliokuwa wakiabudu masanamu nao walichelea kufukuliwa.

Sasa khabari ya kujitolea. Watu wa Kilimanjaro na wa Upare wanaujua msaragambo, ambao mtu huacha shamba lake akatoka na jembe kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia, wala haulizi ujira. Huo ni wema ulio karibu, kwa kuwa maji yatafika kwake na kwa jirani yake. Kule ugenini kijana atatoa jasho kwa elimu ambayo pengine haitamletea hata shilingi moja. Si neno, sadaka ya elimu ni sadaka. Walakini sadaka haitolewi katika haki ya mtu mwingine. Akiwa ana deni lililofika wakati wake, au wazazi wanaomtegemea kwa chakula, au ndugu mdogo ambaye ada ya shule iko juu yake, basi nauli ile si yake ya kutumia, na radhi ya wazee wake haiwezi kuihalalisha.

Na akienda, asiiache ibada kwa kisingizio cha kazi. Katika majangwa hayo kazi huanza mapema sana, kwa kuwa jua likipanda mtu hawezi kuinama juu ya mchanga. Basi Swala ya Alfajiri haina udhuru, watu wako macho. Ruhusa za msafiri zinajulikana katika vitabu vya fikihi, wala hapana haja ya kuzirefusha hapa. Akikosa maji akatayamamu, na asitayamamu kwa udongo wa shimo la kazi. Si kwa kuwa si tohara, bali kwa kuwa udongo ule umehesabiwa.

Neno hilo la kuhesabiwa lataka kuelezwa, maana humo ndimo ilimo amana iliyo kubwa kabisa, na wengi wasiokwenda hawaijui.

Kufukua huku si kama kuchimba msingi wa nyumba. Uwanja hugawanywa kwa kamba katika miraba, na kila mtu hupewa mraba wake. Zana zake ni mwiko mdogo wa mwashi, na brashi, na karai, na chekeche. Udongo hauondolewi kwa kwenda chini tu, bali tabaka kwa tabaka. Ukibadilika rangi, au ukiwa mgumu mahali ulipokuwa laini, mchimbaji husimama. Hupima, huandika, hupiga picha, ndipo aendelee. Vitu vilivyo juu ni vya walioishi mwisho, na vilivyo chini ni vya walioishi mwanzo, ikiwa udongo haukuchafuliwa. Kila kigae, kila ushanga, kila mfupa wa samaki hutiwa mfukoni pamoja na karatasi yenye namba ya mraba na namba ya tabaka. Kigae kikitiwa katika mfuko usio wake, kimetolewa ushahidi wa uongo, nacho hakina kinywa cha kusema ya kwamba kimesingiziwa.

Na tabaka likisha ondolewa halirudi. Kazi hii ni kama kusoma kitabu ambacho kila ukurasa huungua ukisha somwa; atakayekuja baadaye hatakiona kitabu, ataiona daftari ya aliyekisoma. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewaamuru waumini waandike madeni yao, na mwandishi aandike kwa uadilifu, naye mwenye kushuhudia asiufiche ushahidi. Ikiwa hayo ni kwa deni la watu wawili walio hai, wawezao kwenda kwa kadhi na kubishana, itakuwaje kwa khabari ya mji mzima ambao watu wake hawawezi kujitetea?

Mfano wa jambo hili uko pwani ya Afrika Mashariki. Katika kisiwa cha Pate, nchi ya Kenya, pana mji wa Shanga, ulioachwa na watu wake katika karne ya kumi na tano. Miaka ya 1980 bingwa mmoja Mwingereza, Mark Horton, aliufukua, na mwanzoni mwa kazi hiyo walikuwamo vijana waliokuja kwa kujitolea. Chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe walikuta msikiti mwingine uliotangulia, na chini yake mwingine, kila mmoja mdogo kuliko uliofuata, mpaka wakafika kwenye misikiti ya miti na udongo ya karne ya nane na ya tisa. Ya hiyo ya awali haukusalia ukuta wala mti. Yalisalia madoa. Mahali mti uliposimama ukaoza, udongo ulioingia katika shimo lake ulikuwa na rangi nyingine kuliko udongo ulio kando, mviringo mdogo tu. Na madoa hayo yalipopimwa na kuchorwa, nyumba ya ibada ilionekana.

Maandishi yaliyo katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, yana mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107, na kwa muda mrefu watu waliyashika hayo kuwa shahada ya kale ya Uislamu katika pwani hii. Shahada iliyo ya kale zaidi ya hiyo, kwa miaka mia tatu, ilikuwa ni madoa katika udongo wa Shanga. Kijana mmoja mvivu, amechoka, saa sita ya mchana, angaliweza kuyapitisha mwiko wake akayafuta yote kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, wala hapana ambaye angalijua. Hata yeye mwenyewe asingalijua alichokifuta.

Huo ndio uzito wa kazi. Aandikaye kwa kubahatisha kwa sababu jua ni kali, akajaza namba asiyoipima, ameshuhudia asiloliona. Na ushahidi wa uongo umehesabiwa na Mtume katika madhambi makubwa.

Na kwa nini Omani, wala si karibu zaidi? Miji hiyo ni ndugu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na alipoondoka huko alipanda chombo mpaka Dhofari, kisha akafika Qalhat, mji ulio baina ya jabali kavu na bahari. Alisimulia msikiti wa mji ule, ulio mahali pa juu ukitazama bahari, kuta zake zimepambwa kwa vigae vya kaashi, nao ulijengwa na bibi mmoja mwema aitwaye Bibi Maryam. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwaka 1508, chini ya Afonso de Albuquerque, waliichoma Qalhat na msikiti wake. Lililobaki limesimama ni ziara ya Bibi Maryam, yenye kuba lililopasuka. Kwa karne tano ule msikiti ulijulikana kwa maneno ya msafiri tu, hata uchimbaji ulioanza mwaka 2008 ukaufunua msingi wake, na mwaka 2018 mji huo ukaandikwa na UNESCO. Mtoto wa Kilimanjaro akienda kupangusa vigae vya mahali kama hapo, yuwapangusa vitu vya watu waliopigwa kwa mkono uleule uliowapiga jirani zake wa pwani.

Amana ya pili ni vitu vyenyewe. Hapa shetani ana hoja ya kifikihi, nayo yafaa ijulikane mapema. Atamwambia: hazina iliyozikwa zamani ina hukumu yake, mwenye kuiona hutoa khumsi, na zilizobaki ni zake, hadithi ni sahihi. Ni kweli hadithi ni sahihi. Lakini yule hakuiokota dinari ile njiani. Aliingia katika uwanja wa watu kwa sharti walilomwandikia, naye akatia sahihi, ya kwamba kila kitakachopatikana kitakabidhiwa. Na Waislamu wako juu ya masharti yao. Tena serikali zina sheria zake katika jambo hili. Tanganyika nayo ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1964. Basi ushanga mmoja aliouficha katika soksi apate kuwaonyesha rafiki zake Mwika ni khiana, nao hauna khumsi.

Na mnunuzi si nje ya hukumu. Vita vilipoanza Sudani tarehe 15 Aprili 2023, makumbusho ya taifa yaliyopo Khartoum yaliporwa, vitu vilivyofukuliwa jangwani kwa kazi ya miaka mingi vikachukuliwa. Mwizi asingalichukua jiwe zito kama asingalijua ya kuwa pana mtu, katika mji ulio na amani, atakayelilipia na kuliweka sebuleni.

Sasa yarudiwe maneno ya mzee, maana hayajajibiwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Wadachi walimnyonga Mangi Meli huko Moshi ya Kale, pamoja na watu wengine waliohukumiwa naye. Kichwa chake, kwa masimulizi yaliyodumu katika nchi, kilikatwa na kupelekwa Udachi. Kwa miaka hiyo mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalipelekwa Berlin, zaidi ya elfu moja, kwa ajili ya kupimwa na watu waliotaka kupanga binadamu kwa daraja. Hayakuombwa kwa jamaa. Mengi hayakuandikwa jina, yaliandikwa namba. Na mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin ya kwamba kwa kulinganisha vinasaba vya watu walio hai na vya mifupa ile, mafuvu matatu yamepata jamaa zake Tanzania. Moja lilikuwa la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Lilitambulikana upesi kuliko mengine kwa sababu neno "Akida" lilikuwa limeandikwa juu ya mfupa wenyewe. Kichwa cha Mangi Meli hakikuwamo miongoni mwa hayo matatu.

Mzee wa Mwika yuko katika haki kuogopa. Wazee wa kale wa Uchagani nao waliyatoa mafuvu ya wazazi wao kaburini baada ya muda, wakayaweka kihambani penye masale. Hukumu ya mila hiyo si mahali pake hapa, lakini waliyaweka nyumbani, na waliyajua kwa majina. Kilichofanywa na wale wengine ni kumgeuza mtu kuwa kitu.

Sharia imekwisha sema katika jambo hili. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume ya kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na hadithi hiyo iko katika vitabu vya Abu Daud na Ibn Majah. Na jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama. Alipoambiwa ya kuwa ni la Myahudi, aliwauliza kama yule naye hakuwa nafsi. Basi heshima ya mfupa haiulizi dini kwanza. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamekataza kulifukua kaburi la Mwislamu kabla mwili haujawa udongo, ila kwa dharura, na wakazihesabu dharura hizo. Udadisi wa mtu haumo.

Kwa hiyo kijana anayo hukumu iliyo wazi. Nyumba, visima, misikiti iliyozikwa, matanuru, majalala ya vigae, hayo na afukue kwa adabu na kwa daftari ya kweli. Kaburi la Mwislamu lililotambulikana asilifungue yeye, hata aamriwe. Na mfupa wa mtu ukionekana pasipo kutazamiwa, mkono usimame, ufunikwe, aitwe mkuu wa kazi, wala pasiwe na mzaha wala picha ya kuwatumia marafiki. Akiona ya kwamba wenzake hawana adabu hiyo, iko kazi ya kuosha vigae na kuchora, na iko ndege ya kurudi.

Lakini hayo yajulikane kabla ya kupanda ndege. Na aandike barua kwa wale waliomwita, aulize: mifupa ya watu ikionekana, itafanywaje, wenye nchi wataitwa, au hawataitwa, itazikwa tena, na wapi, na nani ataandika mahali ilipokuwa. Watu wa kazi njema wana majibu ya maswali hayo tayari, wala hawachukii kuulizwa.

Kijana ameiandika barua hiyo usiku, mbele ya babu yake, akamsomea kila neno. Mzee ameitaka irudiwe mahali panaposemwa habari ya kuzikwa tena, kisha akasema ipelekwe. Radhi hajaitoa. Amesema atangoja jibu.